Ombi la Kurudishiwa Mtandao Mbovu

Hekalu la Kijiji cha Tsuzuradani,
Mwanzoni mwa Agosti.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Uboreshaji wa Mtandao wa Simu,

Amani ikufikie wewe na wote mnaofanya kazi chini ya paa moja. Mimi ni mtawa mkuu wa hekalu la kijiji hiki, kama alivyokuwa baba yangu na babu yangu, kwani watawa wa kwetu huoa, na mkono wangu umezoea brashi ya wino kuliko simu. Kwa hiyo niwie radhi ikiwa maneno yangu yatakwenda taratibu.

Majira ya kuchipua, idara yako ilitusimikia mnara mpya juu ya kijiji. Injinia Minegishi, binti mwenye adabu, alipita nyumba hadi nyumba na kifaa chake cha kupimia, asiache hata kona moja ya nyumba isiyo na mtandao. Kazi yake haina dosari. Hiyo ndiyo sababu ya malalamiko yangu, ambayo nayaorodhesha hapa kwa heshima zote.

1. Kabla ya mnara huo, mahali pekee kijijini palipokuwa na mtandao ni makaburini, kando ya jiwe la marehemu Shigeo Kuwabara. Aliyetaka kuongea na mtu wa mjini ilimbidi apande ngazi za mawe hadi pale. Na kwa kuwa hakuna mwenye haya awezaye kusimama kaburini kwa mtu akicheka na simu bila kumpa mwenyewe chochote, kila aliyepanda alibeba ndoo ya maji na ubani, na akang'oa magugu mawili matatu huku akisubiri upande wa pili upokee. Marehemu Shigeo, ambaye katika uhai wake kila alipoona mgeni alikimbilia kujificha ghalani, akawa ndiye anayetembelewa kuliko mababu wote. Leo magugu yamefika magotini, na mnara wenu umesimama umewapa marehemu mgongo.

2. Mtandao wa zamani ulikuwa na busara ya kukatika. Mzee Ukai na shemeji yake wa bonde la pili wanagombea maji ya mashamba ya mpunga tangu ujana wao. Kila walipofikia neno lisilosameheka, mlima ulilimeza, na kila mmoja akabaki akidhani mwenzake ameomba radhi. Sasa matusi yanafika yote, mazima, kwa sauti safi kama ya kengele yangu. Hawajasalimiana tangu mwezi wa tano.

3. Hili ndilo linaloninyima utulivu. Bi Fusae, mjane wa huyo marehemu Shigeo, anaishi peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mwanawe wa pekee, Norihito, anafanya kazi Nagoya. Zamani Bi Fusae alipompigia simu ya video kutoka makaburini, uso wake uliganda katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kisha ukagawanyika vipande vya mraba kama tofu iliyokatwakatwa. Norihito alibaki akiuliza kama mama yake yu salama, asipate jibu. Mtoto mwenye malezi hawezi kukaa na picha kama hiyo moyoni. Mwisho wa juma alikuwa mlangoni, na akishafika alipasua kuni, akazibua mifereji ya paa, akala chakula cha mama yake na kulala mchana kutwa kama aliyerudi utotoni.

Siku hizi Bi Fusae huketi sebuleni, simu ameiegemeza kwenye birika. Mwezi uliopita nilikuwepo nikinywa chai yake, nikamsikia Norihito kwa masikio yangu.

"Mama, nakuona vizuri kabisa, mpaka madoa ya uso nayahesabu. Obon ya mwaka huu niache huku huku. We nielekezee tu simu kwenye madhabahu ya Baba hapo sebuleni, nitasali nikiwa hapa."

"Haya, mwanangu. Kazi kwanza."

Kisha akaifunika simu kwa kitambaa cha mkononi, akanimiminia chai katika kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Mheshimiwa, Obon ndizo siku ambazo wafu wetu hurudi nyumbani. Huja wamepanda farasi tuliowatengenezea kwa matango na njiti, bila barabara wala tiketi. Ikiwa marehemu Shigeo anaweza kufika kwa tango, sioni kwa nini mwanawe ashindwe kufika kwa treni ya mwendo kasi, isipokuwa kwamba ninyi mmemwondolea wasiwasi.

4. Ugonjwa huu umeenea. Familia zilizohamia mijini sasa zinaniomba niwasomee sala za marehemu wao kwa simu. Juzi niliwasomea jamaa fulani wa Osaka, nao wakasahau kuzima sauti yao. Nilikuwa nimefika kwenye aya ya kutodumu kwa vitu vyote, upande wa pili tambi zikinyonywa, mtu mmoja akauliza, "Huyu babu anamaliza saa ngapi?" Nilimaliza.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Nguvu za mnara zipunguzwe kiasi cha nyuso kuganda, hasa nyuso za akina mama. Pili, kila mtoto aishiye mbali atakapotamka maneno "nakuona vizuri", simu ikatike papo hapo, mama asipate nafasi ya kujibu. Tatu, katika siku zote za Obon mtandao uondolewe kijiji kizima, ubaki kaburini kwa Shigeo tu. Mwisho, mainjinia wako waje hekaluni kwangu, bila malipo, wajifunze thamani ya pengo. Kengele yangu ina utupu mkubwa ndani, na fundi aliyeiunda hakuona haja ya kuujaza.

Nakiri kwamba nilianza kwa kumweleza Injinia Minegishi kwa mdomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, nimesoma chuo kizima nizuie mtandao usikatike. Sasa nikadai mshahara wa kuukata?" Nikamweleza kwamba angepata thawabu. Akanijibu kwa upole kwamba mwenye nyumba wake hapokei thawabu.

Nifikishie salamu kwake, na kwa dereva wenu aliyeligonga kwa gari sanamu la jiwe la mlinzi wa wasafiri, akashuka na kuliinamia akiliomba radhi. Lisalimie jopo lako zima, wazazi wako, na kama wako mbali, wasalimie ana kwa ana.

Mimi niwaombeaye kila alfajiri,
Mtawa Tetsugen.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Norihito amefika kijijini. Nilimpokea kwa furaha nisiyoweza kuificha, nikamuuliza kama hatimaye mtandao umeharibika.

"Haukuharibika, Mzee," alisema. "Picha ilikuwa safi mno. Nyuma ya Mama nikaiona madhabahu ya Baba, wali umekauka kwenye kibakuli. Mama anaweza kusahau kula yeye, lakini hajawahi kumnyima Baba wali wa asubuhi."

Kumbe goti la Bi Fusae limevimba, hawezi tena kupiga magoti mbele ya madhabahu, na alikuwa akituficha sote. Mimi mwenyewe niliketi mbele ya kibakuli hicho hicho wiki ile ile, nikasoma sala zote bila kuruka neno, macho nimeyafumba kama nilivyofundishwa. Norihito amempeleka hospitali, na atakaa naye mpaka Obon ipite. Kwa hiyo tafadhali yafuteni malalamiko yangu yote na maombi yangu yote, na mnara msiuguse.

Limebaki jambo moja. Kwa kuwa Bi Fusae hawezi kupanda ngazi za makaburini, Norihito hupanda na ndoo na simu ili amwonyeshe kaburi. Lakini tangu mlipouzima mnara wa zamani wa ng'ambo ya mlima, uliokuwa ukiyafikia makaburi peke yake, pale ndipo mahali pekee kijijini pasipo na mtandao wa kutosha. Jana Bi Fusae alilitazama jiwe la mumewe kwenye simu kwa muda mrefu, nasi tusijue kama picha imeganda au ni jiwe tu limetulia.

"Iacheni," akasema. "Hata alipokuwa hai ndivyo alivyokuwa akinitazama."

Lakini simu hakuiweka chini. Tafadhali paboresheni pale kabla ya Obon.