Nilivyomzunguka Baba Mkwe kwa Pikipiki

Nimetia aibu leo, na mashahidi wapo. Naandika nikiwa bado na ulezi ndani ya soksi.

Wengi humu mnaijua pikipiki yangu. Ile niliyoinunua kwa mhandisi wa kigeni, ujenzi wa lami ulipoisha na yeye akafungasha. Imetengenezwa kwa ajili ya lami: magurudumu mafupi, mapana, tairi laini. Kwenye lami ni raha. Ukiingia njia ya vumbi ni kama unaendesha sabuni.

Na leo nilikuwa naenda Msanzi, kule ndani kwenye njia za ng'ombe, kwa wazazi wa Vero. Mshenga alishapeleka barua ya posa. Baba yake akajibu neno moja tu: aje nimwone. (Tangu hapo sijalala vizuri. Anione nini? Meno?)

Kwa hiyo nikaamua kubadilisha magurudumu. Najua, mtu mwingine angenunua shati.

Nilipata seti iliyotumika, Tunduma. Gurudumu la mbele refu na jembamba, la nyuma refu kidogo, tairi zina meno kama mbwa mkali. Siku hizi pale mpakani unapata kila kitu isipokuwa maelezo ya namna ya kukifunga. Sijasomea ufundi, nimejifunza kwa kufungua vitu na kuogopa. Basi nikaandika kwenye daftari kila kinachobadilika. Diski ya breki ni ndogo kuliko ile ya zamani, kwa hiyo kishikio chake kinasogezwa. Bushi ya kushoto si ya kulia. Cheni inataka kuongezwa urefu. Mshale wa tairi uelekee mbele. Mistari kumi na saba. Nikaiweka pikipiki juu ya kreti la soda uani, nikaanza alfajiri. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Dada yangu akatoka na ndoo.

"Wewe, hiyo nati imekukosea nini?"

"Nahakikisha."

"Umehakikisha tangu jogoo. Mshenga ameshapanda basi."

Nikaweka tiki ya mwisho. Nikaishusha pikipiki kutoka kwenye kreti, nikaisukuma hadi mlangoni, nikaipanda kutoka kwenye ngazi, nikaondoka. (Nilipanda kutoka kwenye ngazi. Akili timamu ingejiuliza kwa nini.)

Njia ilikuwa tamu. Mchanga uleule ulionigaragaza mwezi uliopita niliupita nikiimba nyimbo za kwaya. Sikusimama popote. Nikiwa na wasiwasi siwezi kusimama, kwa sababu nikisimama nawaza. Nilichogundua ni kwamba nimekuwa mrefu, nachungulia nyua za watu. Nikapenda.

Nikaingia uani kwao. Baba yake Vero amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, mshenga pembeni yake. Shangazi yake Vero anageuza ulezi uliotandazwa juani kwenye turubai. Uwanja umefagiliwa mpaka unaogopa kuukanyaga.

Wafipa wenzangu mnajua, wengine nawaeleza. Mzee hasalimiwi ukiwa umekaa juu kuliko yeye. Unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi polepole, ndipo unasema. Mshenga alinionya mara tatu: "Ukikosea mengine nitakutetea. Hilo utajitetea mwenyewe."

Nikapunguza mwendo, nikatoa stendi ya pembeni kwa kisigino, nikaiegemeza pikipiki. Ikaegemea. Ikaendelea kuegemea. Magurudumu yameinua pikipiki nzima, stendi imebaki na urefu wake wa zamani! Haikuwamo kwenye daftari. Na mguu wangu, nao unagusa chini kwa vidole tu. Nikavuta mafuta kuiokoa, nikampita baba mkwe kama simjui.

Hapo mtu mwingine angezima injini na kuilaza chini kistaarabu. Mimi niliwaza mikwaruzo. Nikasema nizunguke uwanja mara moja, nitafute pa kuiegemeza. Ukuta umepakwa chokaa asubuhi hiyohiyo, kwa heshima yangu, bado mbichi. Mti ni mmoja, umefungiwa mbuzi. Nikajikuta namrudia mzee, na kumpita kimya mara ya pili nikaona ni dharau zaidi.

"Shikamoo baba," nikasema nikipita.

Akageuza shingo kunifuata. "Marahaba. Shuka basi."

"Nashuka, baba." Nikapita.

Mshenga akainuka nusu. "Kijana, shuka!"

"Stendi," nikasema kwa mbali.

Nilimsikia mzee akiuliza, "Anasema nini?"

"Anasema stendi, mzee."

"Stendi iko Sumbawanga. Hapa anaitafuta ya nini?"

Mzunguko wa tatu. Vero ametoka mlangoni, mkono mdomoni. Nikajiambia, kushuka nimeshindwa, walau heshima ionekane. Nikasimama juu ya vikanyagio, nikakunja magoti. Nikachuchumaa, juu ya pikipiki, inayokwenda. Kisha, ndugu zangu, nikaachia usukani nipige makofi.

Nilipiga moja.

Pikipiki ikalala katikati ya turubai. Lile tairi la nyuma, lenye meno, likazunguka kidogo kabla injini haijazima, na ulezi wao ukapaa. Ukatua kwenye kofia ya mzee. Ukatua kwa mbuzi. Uliotua kwenye chokaa ukaganda.

Mzee akatoa punje moja kwenye nyusi, akaitazama, akamgeukia mshenga.

"Uliniambia kijana wako ana msimamo."

Mshenga akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Anao, mzee. Ila leo hakuja nao."

Nikachuchumaa palepale kwenye ulezi, nikapiga makofi yote yaliyobaki. Shangazi akaja, akanisimamia. Nikajua nafukuzwa. Akanipa ungo.

Nimepepeta na kuchambua kuanzia saa sita hadi saa kumi. Vero alikatazwa kunisaidia. Nilitoa mchanga, nilitoa vijiwe, nilitoa mpaka punje zilizopasuka, nikazitenga pembeni kwa ukubwa. (Siwezi kuacha kitu nusu. Ni ugonjwa.) Shangazi akachota kiganja, akapuliza. Hakikuruka kitu. Akampelekea mzee.

"Kaka, tangu nimezaliwa sijaona ulezi wa hivi humu ndani."

Mzee akauchezesha kiganjani. Nilitamani nati, nati yoyote, niikaze.

"Mshenga," akasema, "barua yenu sijaikataa. Arudi Jumapili tuongee."

Nikaanza kupiga makofi. Akainua mkono.

"Na aje kwa miguu."

Mshenga alijaribu kumweleza kwamba nakaa mjini. Mzee akasema anajua nakaa wapi.

Kwa hiyo naomba msicheke. Mwenye viatu imara namba arobaini na moja aniazime. Naondoka Ijumaa.