Seva Iliyotaka Nikae Nayo

Leo nimeaibika, wahitimu wenzangu wa masomo ya jioni. Mpaka shati langu limeaibika.

Mnakumbuka nilivyojisifu kwa seva mpya ya kiwandani kwetu Temeke, tunapochapa kalenda? Kompyuta inayotunza picha zetu zote, diski tano zinazofanya kazi kama moja. Ikifa moja, nne zinabeba. Nilimwapia bosi, Mzee Kibwana, kwamba picha zitawafikia wapangaji wa kurasa kabla hawajaziita. Wiki nzima zinatambaa. Leo asubuhi akanipa hadi alasiri: ziende mbio, la sivyo mashine inarudi dukani na mie narudi kwetu Goba.

Nikafungua chumba cha seva. Hakina dirisha. Baridi ya mochwari, na vitaa vya diski vinakonyeza gizani. Kwenye kioo cha seva, ile picha niliyoiweka mwenyewe: korido za matofali zinazojitembeza zenyewe mashine isipoguswa dakika kumi. Nikagusa mausi, zikatoweka. Hapo hapo Bi Mwanaidi, mpangaji wetu wa kurasa, akaniambia kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba picha zinamiminika.

Nikatoka kifua mbele. Kabla sijamaliza chai, zikakwama. Nikarudi, zikamiminika. Nikatoka, zikakwama. Mara tatu. (Mara thelathini, ukiuliza moyo wangu.) Nilibadilisha waya zote. Wapi. Nikaanza kuhisi kwamba kila nikifungua mlango, kuna kitu kilichokuwa kikitembea mle ndani kinasimama.

"Mwenye nyumba wa zamani alifia humo," Mzee akasema taratibu. "Hakupenda kuachwa peke yake."

Hakuna aliyecheka. Akaniamuru nivue shati, nikivike kiti, lidhaniwe ni mimi. Nikavua (nina diploma, jamani), nikalifunga vifungo hadi shingoni, nikagusa mausi, nikatoka. Picha zikakimbia. Mzee anasoma dua, mie nimebaki na fulana yangu. Dakika kumi. Zikakwama.

"Kajua ni shati," Mzee akanong'ona.

Bi Mwanaidi akanichukulia ufunguo mkononi, akaingia. Hakugusa kitu. Akasimama, mikono nyuma, anatazama kioo.

"Fundi, hizi kuta zinazotembea kaweka nani?"

"Mimi, Bi Mwanaidi. Urembo tu."

"Na anayezichora nani?"

Ni seva. Akili yake yote ilikuwa kwenye matofali yasiyotazamwa na mtu, picha za kalenda zinapanga foleni. Nikiingia nagusa mausi, inaacha kuchora, inafanya kazi. Bi Mwanaidi akaziondoa korido, akafunga mlango, na picha zikamiminika chumba kikiwa kitupu.

Kazi ninayo. Ufunguo anao Bi Mwanaidi. Shati bado liko kitini, limefungwa hadi shingoni. Mzee kakataa litolewe, eti hana hakika ni dawa ipi iliyotibu.

Atakayecheka, akanitolee shati mle ndani. Aende peke yake.