Chetezo chenye Mfuniko wa Kioo

Jumatano, 1 Oktoba

Jumapili Mjomba Basil anapewa ushemasi huko Masasi mjini, na runinga ya dini itaionyesha ibada nzima. Bibi hawezi kwenda. Miguu imevimba, pumzi inakata, na hospitali wamesema tumrudishe Lulindi tukae naye. Yeye anasema hafi mpaka amwone kitinda mimba wake altareni.

Asubuhi dawa ya maumivu inamlaza hadi alasiri. Kwa hiyo ibada lazima irekodiwe. Na nani? Mimi, Winfrida, kidato cha tatu, nisiyeweza kuwaamkia wageni bila kutetemeka, lakini Kiingereza cha kompyuta nakijua. Kompyuta yenyewe ni ya zamani ya Mjomba. Ina kidude cha antena na programu ya kupanga chaneli. Naimiliki kimyakimya. Leo chaneli ya mpira nimeificha kwenye kundi nililoliita "Hisabati". Erasto, mtoto wa mama mkubwa, hawezi kukanyaga humo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Amekanyaga. Akaniita Injinia wa Rimoti mbele ya Fakihi, mvulana wa darasani kwetu. Fakihi akacheka! Nikajifanya natafuta kitu uvunguni, nikakaa humo mpaka alipoaga.

Bibi naye kalalamika kwamba mashine ni mwongo: saa tatu inasema tisa. Nikairudisha nyuma saa ya kompyuta kwa saa sita. Sasa inasema Kiswahili! Ratiba ya vipindi imevurugika kidogo, kwa hiyo ukitaka kurekodi uandike muda mwenyewe. Nimeandika: Jumapili, 3:00 AM, ibada ya asubuhi. Nilipoinuka tu, Erasto akakaa, akaandika: Jumamosi, 1:00 PM, mpira wa usiku. Jioni hiyo atakuwa mazoezi ya kwaya.

Injinia wa Rimoti. Tutaona.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo asubuhi, Erasto yuko korosho, nikairudisha saa ya kompyuta kwenye Kizungu. Kugusa mara moja tu. Moja yake ya usiku ikawa saa saba mchana!

Alirudi kwaya, akajipakulia ugali, akaketi kutazama mpira. Akakuta wazee wa nchi za baridi wanasukuma jiwe kwenye barafu. Akawatazama hadi ugali ukapoa. Nilijiziba mdomo kwa mto.

Jumapili, 5 Oktoba

Mungu wangu.

Ibada ilikuwa nzuri. Niliiona kutoka nyuma ya nguzo. Wengine wakabaki Masasi kwenye sherehe, mimi nikawahi kurudi kumpokea zamu Mama Rahima, jirani aliyeshinda na Bibi. Bibi alikuwa macho. Kavalishwa kitenge kipya, kakalishwa kwa mito. Akaniambia fungua, mjukuu wangu, nimwone.

Nikafungua. Sufuria.

Nilibadili saa ya Erasto, nikabadili na yangu. Tatu ya Kizungu ni saa tisa usiku, na saa tisa usiku runinga ya dini inauza sufuria zisizoungua. Saa mbili nzima za sufuria.

Bibi macho yana ukungu. Nikazima sauti, nikasema spika zimekufa, nikaanza kumsimulia. Huyu ndiye Askofu. Yule aliyepiga magoti ndiye Mjomba.

Bibi akakunja uso. "Mbona Askofu kashika sufuria?"

"Ni chetezo, Bibi."

"Na hizo zingine?"

"Vyetezo pia. Ni sikukuu kubwa."

Akatazama weee. Kisha akasema taratibu, "Hicho cha mwisho kina mfuniko wa kioo."

Nikasema kanisa limeendelea.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mjomba Basil kaja na kola yake shingoni. Kapiga magoti kando ya kitanda, kamwamkia mama yake. Bibi akamshika kichwa, akamwambia nimekuona, mwanangu, ulipendeza. Mjomba akalia kama mtoto.

Alipotoka kunawa uso, Bibi akanivuta mkono. Vidole vya baridi. "Usimwambie," akasema. "Nilimtaka yeye, nikapata sufuria. Lakini yeye asijue."

Nikataka kuomba radhi. Akawa kashasinzia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bibi alifariki juzi alfajiri. Tulimzika jana. Kaburini Mjomba alisema faraja yake ni moja: mama alimwona. Watu wakaitikia. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mjomba anaitaka ile rekodi. Anasema ndicho kitu cha mwisho mama yake alichokitazama, ataitunza mpaka afe. Nikajibu ipo, ila kompyuta imechoka, namtolea kesho.

Na kweli kesho! Runinga imetangaza marudio ya ibada, Jumapili saa tatu asubuhi. Nimeiweka saa ya kompyuta kwenye Kiswahili tena, kwa heshima ya Bibi, nikaandika: Jumapili, 3:00 AM. Nimehakiki mara mbili. Mjomba hatajua kamwe.

Nyuma yangu, asubuhi hii hii, Erasto kaandika mpira wake wa leo, 1:00 PM, kwa kuwa jioni anawasindikiza wageni wa msiba. Huyu ndiye aliyemwambia Fakihi kwamba kaburini sikutoa hata chozi.

Alipotoka tu, nikairudisha saa kwenye Kizungu. Akatazame wazee wake wa barafu.