Kipimo cha Kongoti

Natangaza kwa heshima kubwa kwamba kata yetu, ambayo kwa sababu za kiitifaki siitaji jina ila inapakana na Nyasho hapa Musoma, ndiyo ya kwanza mkoani Mara kuwa na njia ya kisayansi ya kupima uchafu. Njia hiyo niliibuni mimi. Naomba hilo likumbukwe sasa, maana mwishoni nitatamani lisahaulike.

Yote yalianza Jumatatu moja saa mbili asubuhi, alipofika ofisini mama mmoja mwembamba mwenye daftari. Hakuwa kwenye ratiba, kwa hiyo ofisi ilianza kumwona saa tano. Alisema anaitwa Dafroza, na kwamba ni jaji wa mashindano ya usafi kati ya kata za Musoma, Bunda na Butiama. Angerudi baada ya wiki mbili hivi, siku ambayo haitangazwi. Kabla ya kuondoka aliuliza swali moja tu: sisi tunapimaje taka?

Mtendaji wa kata, Bwana Machage, alinigeukia. Mimi ndiye msomi wa ofisi. Nina shahada ya mazingira, nina tai mbili, na nilikuwa na miezi kumi na minne ninajitolea bila mkataba, nikiamini kwamba nchi inanihitaji ila haijapata nafasi ya kuniambia. Mizani hatukuwa nayo. Nikatazama dirishani. Niliona lundo la taka la sokoni, na juu yake wamesimama kongoti, yale madege marefu yenye upara na mfuko shingoni, yanayotembea kama wajumbe waliotoka kwenye kikao kisicho na posho.

Nikasema penye taka nyingi pana kongoti wengi, basi tuhesabu kongoti.

Dafroza aliandika. Alisema kipimo ni rahisi na atakitumia kwa kata zote. Wajumbe wa kata waliokuwepo wakapiga makofi, makofi yangu ya kwanza tangu mahafali. Hesabu ya siku hiyo ilikuwa kongoti thelathini na wanne.

Mchana Mtendaji aliitisha kikao cha dharura kujadili namna ya kuishusha thelathini na nne hadi sifuri. Nilipendekeza tuondoe taka. Nilisikilizwa kwa upole. Mtendaji akaeleza kwamba gari la taka linasubiri tairi tangu Kwaresma, ilhali ndege ana usafiri wake.

Ndivyo kilivyoundwa Kikosi Kazi cha Ndege. Niliteuliwa Kaimu Mratibu, nikapewa kizibao kinachong'aa na fimbo ya mita mbili. Niliandika andiko la kurasa tisa lenye dira, dhima na malengo mahususi ya kurusha mawe. Naona aibu kusema, lakini lilikuwa andiko zuri.

Siku za mwanzo kongoti walifukuzwa na kurudi. Mtendaji alichunguza akabaini kwamba wengi wao si wakazi. Wanalala Bunda, wanakuja kwetu kula. Tukaiandikia kata moja ya huko barua ya kuwaomba wadhibiti ndege wao. Walijibu kwamba ndege wao wote wapo, wamewahesabu, na hao wanaotusumbua watakuwa wa Butiama.

Ikaja Jumamosi ya usafi wa pamoja. Wananchi walifika na mafagio, reki na makoleo, kina mama wengine watoto mgongoni. Ilibidi niwasihi wasiguse lundo, kwa sababu taka zikichokonolewa hunuka, harufu huita ndege, na ndege huharibu takwimu. Niliwagawia fimbo. Kwa hiyo tulisitisha usafi ili kulinda kiwango cha usafi, na taarifa ya tukio hilo niliisaini mwenyewe.

Siku ya tisa tulifika sifuri. Lundo nalo likafika kwenye karai la Jenoveva.

Jenoveva hukaanga samaki pale sokoni, kwenye kibanda cha mabati manne, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nilipita kwake nikitarajia pongezi.

"Clever, mwanangu," aliniambia, "hii ndege ilikuwaga inanisaidia. Utumbo wa samaki ilikuwaga inamaliza yote kabla ya saa nne. Sasa mmeifukuza. Nani atakula? Wewe?"

Nikamweleza habari ya viashiria vya usafi. Alinisikiliza vizuri tu, huku akipunga nzi kwa kipande cha boksi.

"Hiyo kiashiria," akauliza, "inakulaga utumbo?"

Wateja walikuwa wameanza kupita mbali. Kisha Jumatano likabandikwa tangazo kwenye ubao wa ofisi, lenye mhuri na saini ya Mtendaji: chanzo chochote kinachovutia kongoti kihamishwe ndani ya saa ishirini na nne baada ya kubainika. Lugha ilikuwa yangu. Chanzo kilichobainika kilikuwa kibanda cha Jenoveva, kwa sababu ya utumbo, nacho kingevunjwa Jumamosi asubuhi. Lundo halikutajwa, maana lundo halina mwenyewe wa kuandikiwa barua.

Barua nilimpelekea mimi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema hapo ndipo watu wanapomjua, kwingine ataanza kama mgeni. Hakulia. Angelia ningemfariji, ningeondoka. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukiahidi kwamba Ijumaa jioni lundo litakuwa halipo, na lundo likiisha hakutakuwa na harufu wala nzi wa kumsingizia.

"Umeahidi wewe ama ofisi?" akauliza.

"Mimi."

"Afadhali."

Alhamisi Mtendaji alitangaza hafla ya kujipongeza mapema, Ijumaa saa saba, uwanja wa ofisi, pilau kwa wajumbe wote. Mbele ya wajumbe hao angesaini mkataba wangu wa ajira. Alisisitiza kwamba atakayekosekana atahesabiwa amejitoa.

Ijumaa asubuhi nikafunga tai nyekundu, nikapita sokoni kumwomba Jenoveva tusogeze ahadi hadi Jumatatu. Nilimkuta ameshaanza kuzoa mwenyewe kwa beseni, na Isaya mwenye guta anasubiri kujaziwa. Akanipa koleo. Hakuuliza tai ni ya nini.

Guta lile la matairi matatu lilikwenda dampo na kurudi mara saba. Watu wa Jumamosi iliyopita walituona, wakaenda kuleta mafagio yao, safari hii bila kuniuliza mimi. Nilikuwa nimelowa hadi magotini maji ambayo andiko langu la kurasa tisa halikuyataja. Saa saba ikapita.

Saa tisa simu yangu ikaita.

Yaliyotokea ofisini niliyasikia baadaye. Wajumbe walikula, wakatupa mifupa na maboksi ya pilau nyuma ya ofisi, kwa sababu ofisi yetu haijawahi kuwa na pipa la taka. Kongoti, ambao kwa siku tatu tulikuwa tumewanyima riziki, walishuka wakajaa paa, uzio na meza kuu. Kwenye kiti nilichoandaliwa mimi alisimama mmoja mkubwa kuliko wote. Wakati huohuo akaingia Dafroza, akafungua daftari.

"Clever," Mtendaji alisema kwenye simu kwa sauti ya chini, "njoo na fimbo. Mkataba uko hapa mezani, ukifika tu nasaini."

Nilimuuliza wako wangapi.

"Bado anahesabu."

Lililobaki la lundo lilikuwa la kujaza guta mara moja tu. Dampo hufungwa saa kumi na moja. Jenoveva alikuwa ameinama anafagia, anajifanya hasikii.

"Mtendaji," nikasema, "nimebakiza safari moja."

"Safari ya nini?"

"Ya taka."

Akalirudia neno hilo mara mbili. Naamini alikuwa anajaribu kukumbuka kama ofisi yetu inahusika na taka. Kisha akakata simu. Tukapakia. Isaya akakanyaga pedali, mimi nikasukuma kwa nyuma, tukafika dampo mlinzi ameshashika kufuli.

Matokeo yako kwenye daftari la Dafroza: soko sifuri, ofisi hamsini na wawili. Mtendaji alimweleza kwamba hao ni wa Bunda. Dafroza akajibu kwamba kipimo ni chetu, yeye anahesabu tu. Alipokuwa anatoka alisimama kwenye ubao, akasoma lile tangazo, akauliza mbele ya wajumbe kama bado lina nguvu. Mtendaji alijibu kwa fahari kwamba hajawahi kusaini jambo lisilo na nguvu.

Jumamosi asubuhi, saa ile iliyopangwa kuvunja kibanda, Kikosi Kazi kilikuwa kinatoa makabati ya ofisi nje. Chanzo kilikuwa kimebainika. Mtendaji alisimamia akiwa juani, amekalia kiti chake, akisubiri aambiwe anahamishiwa wapi.

Mkataba haujasainiwa. Mimi nilikuwa sokoni. Jenoveva aliwasha moto, akabandika karai, na pale palipokuwa na lundo wakasimama wateja wanne, wakabishana nani alitangulia.