Kochi, Pole na Kipindi cha Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni

Ushindi! Au karibu na ushindi. Leo kwenye kikao cha walimu nimetangaza kwamba darasa la sita nitawafundisha kujaliana kwa kutumia gemu. Ndiyo, gemu, zilezile wanazonyang'anywa na wazazi wao. Mwalimu Mkuu, mama asiyecheka ovyo, alivua miwani, akaivaa tena. Amenipa hadi Ijumaa. Akija darasani akaona watoto wanaoneana huruma, kipindi cha mwisho cha kila Ijumaa ni changu, cha Stadi za Maisha. Asipoona, kinakwenda kwa Mwalimu wa Hesabu, anayekimezea mate tangu muhula uliopita.

Mwalimu wa Hesabu ni mke wangu.

Hapo ndipo mdomo uliponiponza kidogo. Nilisema mbele ya kikao kizima kwamba watoto wakitoka kwenye hesabu zake utadhani wametoka kuzika. Walimu wakacheka hadi kushika mbavu. Yeye hakucheka. Jioni akanikaribisha mezani kwa adabu zote: "Karibu chakula, mwalimu." Mwalimu! Ndani ya nyumba yangu! Nadhani amechoka tu.

Jumanne, 4 Juni

Mashine ya gemu nimeazima kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, mtu mzima mwenye ndevu ambaye hajaacha kucheza. Runinga ya shule imekufa; ukiiwasha inatoa moshi. Nikala njama. Mke wangu alipotangulia kazini, nikaifunga runinga yetu kwa shuka, nikaibeba mgongoni. Jirani akanipa pole, akidhani nimefukuzwa nyumbani.

Gemu yenyewe tamu! Wapagazi wawili wanapandisha kochi ghorofani kwa ngazi. Mmoja kashika huku, mwenzake kule. Mmoja akiachia, kochi linabingirika hadi chini, mnaanza upya. Makusudi nikawapanga pamoja Kifaru na Bi Wakili. Kifaru ni kijana mwenye mwili mkubwa, na miguu yake haiangalii inakokwenda. Bi Wakili hubishana hata na kengele. Hawasemeshani tangu Kifaru alipoukalia mkebe wa hesabu wa mwenzake, rula na bikari vyote ndani, ukapasuka, naye akacheka.

Nimetunga kanuni moja, ya kitaalamu: anayeangusha kochi amwambie mwenzake pole. Kwa kanuni mimi sijambo.

Jumatano, 5 Juni

Mambo yamekwenda mrama. Kifaru anaachia kochi kwa hiari yake, analitazama likibingirika, kisha anageuka na tabasamu la malaika: "Pole!" Darasa zima limeambukizwa. Mtu anasukumwa mlangoni, pole. Anamwagiwa maji, pole sana. Mtoto mmoja kamkanyaga Mwalimu Mkuu mguu, akampa pole na kuendelea na safari yake.

Bi Wakili akanyoosha mkono. Mwalimu, akasema, pole hata aliyenyeshewa mvua anapewa. Pole hata mwenye jino bovu anapewa. Sasa huyu aliyeniangushia kochi ananipa pole kama vile yeye alikuwa anapita tu! Aliyekosa si anaomba radhi?

Nikamwambia akae chini. Hoja yake nimeikubali kimoyomoyo, lakini mwalimu hawezi kukubali kila kitu mbele za watu.

Nyumbani, mke wangu akauliza runinga iko wapi. Nikajibu iko shuleni, inajenga taifa. Nikaona nitumie utaalamu wangu: nikamwambia pole, mke wangu, najua tamthilia yako imefika patamu. Akauliza kwani yeye anaumwa.

Alhamisi, 6 Juni

Kanuni mpya! Pole imepigwa marufuku. Sasa ni samahani, na kila samahani ina nyota ubaoni.

Hadi mapumziko, darasa lilikuwa uwanja wa vita. Wanakanyagana ili waombane samahani. Wanafichiana madaftari, wanavutana masikio, kisha wanapanga foleni kwangu kudai nyota. Mpishi wa shule alikuja amefura. Kifaru kapiga teke ndoo yake ya maji, kamwomba samahani kwa unyenyekevu wa kutisha, kisha kaomba ushahidi wa maandishi ili aje kudai nyota.

Jioni mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa aliuliza kama mimi mwenyewe nimepata nyota yoyote. Nikamweleza kwamba walimu hawahusiki. Akasema, "Haya," akarudi kwenye madaftari yake.

Sikupenda ile haya. Kwa kweli ninammisi, naye yuko palepale mezani. Kwa kawaida muda ule angekuwa ananisomea majibu ya ajabu ya wanafunzi, tunacheka wote. Leo alicheka peke yake, kimyakimya, akafunga daftari.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewaandaa watoto wawili wapole kwa mazoezi: huyu aangushe kochi, aombe radhi, yule asamehe, wote wawili wapanguse machozi. Mwalimu Mkuu akaja. Mke wangu naye akaja, kama mshindani halali, akakaa nyuma na kalamu yake nyekundu.

Aibu! Wapole wangu walipaniki. Mmoja kaomba samahani kabla hajagusa kochi. Mwenzake kamsamehe, kajipangusa machozi yasiyokuwepo, kisha akaniuliza kwa sauti kama sasa ndiyo waangushe. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mkuu akatazama saa. Nikatamani ardhi inimeze.

Nikawaita Kifaru na Bi Wakili kwa sababu sikuwa na la kufanya tena. Wakaanza kupanda. Karibu na juu kabisa Bi Wakili akateleza, na nikajua Kifaru ataachia. Hakuachia. Alishikilia peke yake, kochi linaning'inia, jasho linamtoka kana kwamba lina uzito kweli. Kisha, macho yake yakiwa kwenye runinga, akasema, "Ule mkebe wako niliukalia makusudi. Nikacheka. Nisamehe."

Hakudai nyota. Bi Wakili hakubisha, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akasema, "Haya. Inua upande wako." Wakalifikisha! Darasa likalipuka kwa vigelegele. Nililia, na sijali.

Kipindi ni changu. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mke wangu. Kila mtu alipotoka akanisogelea, akaniuliza taratibu kama nimeona jinsi inavyosemwa. Nikamwambia nimeona vizuri sana, nitaiweka kwenye ripoti.

Jumamosi, 8 Juni

Tumerudisha runinga. Mke wangu mwenyewe alijitolea kunisaidia, yeye kashika huku, mimi kule. Katikati ya ngazi za nyumba yetu akasimama, tukaiweka chini. Akanitazama machoni, macho yake laini, na akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia kuhusu wiki hii.

Mimi ni mtaalamu wa hisia. Nilielewa papo hapo. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa moyo wangu wote, "Pole, mke wangu, kwa kukosa kipindi cha Ijumaa."

Akakaa kwenye ngazi, akacheka hadi machozi. Nikacheka naye; nikajua yamekwisha. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Kasema nitaingia siku nitakapopata neno, na kwamba hata Kifaru analijua.

Kwa hiyo naandikia hapa ngazini, mimi na runinga. Kanipitishia chai mlangoni, ina sukari ya kutosha, kwa hiyo ananipenda bado. Ila neno gani? Nimeshajaribu pole sana, akasema hapana. Ngoja nimalize chai, nikajaribu pole mno.