Picha Nyuma ya Folda

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa ofisi ametangaza. Ijumaa anachagua msimamizi wa masjala! Tumebaki wawili, mimi na Miwani, yule dada tunayemwita hivyo kwa miwani yake. Tunatumia kompyuta moja: mimi asubuhi, yeye mchana. Kiti hicho nimekisubiri miaka kumi na mmoja. Tatizo ni hili: mkuu haulizi kazi. Anapita nyuma yako, anachungulia skrini, anaguna, anaondoka. Sasa Ijumaa atachungulia nini? Picha ya marehemu mama yake Miwani, amekaa mlangoni, ungo wa maharage mapajani! Na folda zimetapakaa pembeni ovyo ovyo. Nimeipiga skrini picha kwa simu, nimwonyeshe mke wangu ninavyoteseka. Mke wangu akasema yule mama ana uso mzuri. Sikumuuliza hilo.

Jumanne, 4 Machi
Nimewahi kazini. Nimeweka rangi ya bluu iliyokolea, rangi ya watu wazito. Saa kubwa, ya bluu pia, kwenye kona. Folda zote safu moja, zimenyooka kama askari wa gwaride. Katikati nimejiweka mimi, nimevaa tai, natazama mbali kama mtu mwenye mipango. (Ilikuwa harusini. Nilikuwa natazama chakula kinakawia.) Picha ya zamani nimeifuta, na pipa la taka la kompyuta nikalimwaga kabisa. Usafi ni usafi!

Saa saba Miwani akaingia zamu. Akakaa, akatazama, akaanza kazi. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu makali. Yote nimerudi nayo nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Miwani ameniuliza, kwa upole kabisa, kama ile picha nimeihifadhi mahali. Nikasema ipo, dada, ipo. Uongo mtupu! Akashukuru. Akasema simu iliyoipiga ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na mama yake hakupenda kupigwa picha. Ndiyo hiyo hiyo tu aliyobaki nayo.

Nimemwita fundi wa kompyuta. Akapekua, akatikisa kichwa, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia sikumwita aje kunipa methali. Chakula cha jioni nimekiacha mezani. Mke wangu aliuliza kulikoni, nikasingizia joto.

Alhamisi, 6 Machi
Simu! Jamani, ile picha ya Jumatatu ipo kwenye simu! Nimeruka nikagonga goti kwenye meza.

Nimeikuza, nikaitazama kwa utulivu. Mama wa watu na ungo wake, na folda zetu juu yake. Folda ya Malalamiko ipo ukutani. Barua imebanwa juu ya kizingiti. Maombi Mapya imesukumwa hadi chini, karibu na kandambili zake. Lakini usoni hakuna folda hata moja. Wala mikononi. Nimehesabu mara mbili.

Kumbe haikuwa fujo. Miaka yote hii, kila folda mpya ilipoingia, Miwani alikuwa anaihamisha impishe mama yake. Na mimi nimekaa kwenye kiti kile kile kila asubuhi, sikuona. Nimeona haya. Nimelia kidogo, nikajifuta kwa tai.

Ijumaa, 7 Machi
Alfajiri nimempa fundi simu, ile picha akaitandaza skrini nzima, mama na folda zake. Folda halisi nikazificha zisionekane mara mbili. Safi! Miwani akaja mapema kwa ajili ya uteuzi. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akagusa kioo kwa kidole. Nikashindwa kuendelea na uongo, nikakiri kwamba niliifuta. Akasema alijua tangu juzi, fundi alimwambia. Alikuwa anangoja tu aone kama nitasema mwenyewe. Afadhali angenizaba kibao.

Mkuu akafika. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, hakuguna. Akaniambia nimfungulie Malalamiko. Nikabofya. Kimya. Nikabofya tena, kwa nguvu. Nilikuwa nabofya picha ya folda! Mkuu akashika kipanya mwenyewe, akabofya Barua, akabofya Maombi Mapya, akauliza kama masjala nzima imekufa. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nilizificha wapi? Nilikuwa nimesahau!

Miwani akaomba nafasi. Mibofyo miwili, folda halisi zikarudi, zimejipanga juu ya uso wa mama yake. Akaanza kuzihamisha moja moja mpaka uso ukabaki wazi. Kisha akafungua Malalamiko. Mkuu alisimama akimtazama muda wote huo. Akamuuliza yule mama ni nani. Miwani akamwambia.

Kiti amepewa Miwani. Nimempongeza, na nilimaanisha. Karibu yote.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Nimegundua kilichoniangusha: sikuwa na mama kwenye skrini.

Nimempigia mama yangu simu. Akashtuka, akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, naja kesho kumpiga picha. Akafurahi mno. Akasema mwaka wa pili huu hajaniona, atapika, nilale huko huko. Nikamwambia sitakaa, ni picha tu, ila aketi mlangoni na ungo wa maharage. Akasema maharage hana, daktari amemkataza. Nikamwambia atayashika tu, si lazima ayale. Na avae kilemba cha bluu, kiendane na ile saa ya kwenye skrini.