Silaha ya Marekani Ndani ya Soksi Yangu

Jumapili, 9 Novemba. Al-Malqa, Riyadh

Furaha! Baba, yaani kafili wangu, tajiri ninayemwendeshea gari hapa, amekubali. Ruhusa yangu inaanza tarehe 20, harusi ni tarehe 29 huko Kitale. Celestine ameshaahirisha mara mbili kwa sababu yangu. Amesema hakuna mara ya tatu. Sawa, mpenzi. Safari hii hata mbingu zianguke nitafika.

Mchana nikiosha jimsi, gari kubwa la baba, niliinama kutafuta kiatu cha mtoto. Chini ya dashibodi nikakuta kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, kimebandikwa. Kina taa nyekundu inayopepesa. Nikakiacha. Si changu.

Jioni Danson, mlinzi wa geti, akanisimulia alichosoma kwenye simu. Makachero wa Marekani wanasaka silaha ya mtandao iliyoibwa. Inaingia mfukoni! Inaweza kuzima umeme wa nchi nzima! Eti imefichwa huku Ghuba. Alisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Kisanduku sikukitaja. Danson hana siri, ana geti tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekibandua kwa kisu cha jikoni. Hapohapo kiyoyozi cha chumba changu kikazima. Ushahidi! Danson anasema kiyoyozi hicho huzima kila siku. Wivu.

Nimeficha silaha ndani ya soksi. Danson akauliza mbona soksi inawaka. Nikamwambia ni dawa mpya ya miguu. Akataka jina la dawa.

Mpango: kuipeleka ubalozini nikishajua watanipa nini. Wamarekani si wachoyo. Visa yangu, visa ya Celestine, fungate Texas.

Alhamisi, 13 Novemba. Jeddah

Familia imekuja kwa ndege kupumzika. Mimi nimeleta gari na mizigo. Barabara yote nilitazama kioo cha nyuma zaidi kuliko mbele. Ngamia mmoja nilimshuku.

Gari nikaliacha hotelini, nikachukua teksi hadi mtaa wa Ghulail kwa Hezron, rafiki yangu anayepiga pasi kwenye duka la dobi. Nikamwachia silaha. Akauliza kama itachafua nguo. Akaitia kwenye mfuko wa thobu, kanzu ya Kisaudi, ambayo mwenyewe hajaifuata tangu Ramadhani. Mahali salama kuliko benki. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 15 Novemba

Balaa! Hezron amenipigia simu: mwenye thobu amekuja. Ameichukua, ameivaa, ameondoka nayo kwa pikipiki.

Kabla sijamaliza kumlaani Hezron, baba akapiga simu. Niko wapi? Nikasema niko chini, hotelini, nafuta vioo. Kweli tupu! Akaniita mwongo. Alisema anaona kwenye simu yake gari lake linazunguka Ghulail, sasa hivi limepita uchochoro ambao hata punda hapiti. Nisiporudi yalla, upesi, anaandika huruub, ripoti kwamba nimemtoroka. Hapo ikama, kibali changu cha kuishi hapa, imekufa, ruhusa mafi, hakuna, na harusi imekwenda na maji.

Niliogopa. Nilimwomba ashuke tu aone.

Alishuka. Akalitazama gari, akaitazama simu, akalitazama gari tena. Kisha wakaja wanaume wawili wa miwani myeusi. Makachero! Nikainua mikono. Kumbe ni mafundi wa kampuni iliyomfungia baba kifaa cha kumwonyesha gari lake liko wapi. Walikuwa wameshafika kwa Hezron, na Hezron alinitaja mara moja. Hawakumgusa. Walimsalimia tu.

Nikamweleza baba yote: silaha, soksi, Texas. Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa barabara. Akasema mtu wa aina yangu hawezi kumwibia gari, maana angelipeleka mwenyewe polisi. Halas, yameisha, ruhusa iko palepale. Mafundi wamemkuta mwenye thobu akila wali wa kabsa, na kifaa kimerudi. Namshukuru Mungu. Nimeapa: mambo ya watu, sitayagusa tena.

Jumanne, 18 Novemba. Al-Malqa

Nimefunga mizigo. Tiketi iko mkononi. Suti inanibana kidogo tumboni lakini itapita.

Ila kuna mtunza bustani mpya. Asubuhi nimemwona akiumwagilia maji mtende wa plastiki ulio karibu na bwawa. Kwa muda mrefu. Huku akitazama paa la jirani! Mtunza bustani gani huyo? Danson, na macho yake mawili, hajaona kitu.

Nimemwomba baba aisogeze ruhusa yangu wiki mbili mbele. Nikamwambia ni suala la usalama wa taifa. Aliuliza taifa lipi. Nikasema bado nachunguza. Amekubali, akaenda zake akitikisa kichwa.

Nimemwandikia Celestine kwamba kuna jambo kubwa, atanielewa baadaye. Amejibu kwamba harusi ni tarehe 29 ileile, kanisa ni lilelile, na bwana harusi atakuwa yeyote atakayefika.

Celestine wangu haandiki hivyo. Simu yake imeshadukuliwa. Jambo hili ni kubwa kuliko nilivyodhani.